Kioo cha Langoni Kinarudi Nyuma

Hakuna mtu katika mji wetu anayeujua mwanga kunishinda mimi. Somo lile nimelisikia miaka kumi na tisa mfululizo, kwa mwalimu yule yule, na hakuna swali mtakaloniuliza nikakosa jibu. Ila msiniulize. Nililisikia kupitia ukuta wa chumba cha mvuke cha shule ya wasichana, ambako kazi yangu ilikuwa kupasha moto mikebe ya chakula ya wasichana mia saba, na boila ile ikishaanza kunguruma saa nne na nusu, mtu hasikii kitu mpaka saa sita. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya fizikia ninayo yote. Nusu ya pili waulizeni wengine.

Katika nusu ile ya kwanza Mwalimu Hung Ching-shui alikuwa akirusha vitu ukutani. Alianza na tonge la unga wa mchele, ambalo mke wake Siok-khim alimfungia asubuhi kwenye jani la ndizi. Tonge lilipiga ukuta, pa, likaganda hapo hapo. Kisha akarusha mpira wenye uzito sawa na tonge. Mpira ulipiga ukuta ukamrudia mkononi.

"Ukuta umesukumwa zaidi na kipi?" aliuliza.

Wasichana walisema tonge, kwa sababu tonge lilitoa kishindo cha kuridhisha. Kila mwaka walisema tonge.

"Tonge limesimamishwa tu," alisema Mwalimu Hung. "Ukuta umelisimamisha, basi, kazi imekwisha. Mpira umesimamishwa, halafu ukatumwa urudi ulikotoka. Hizo ni kazi mbili, na ukuta umesukumwa mara mbili. Na mwanga ni hivyo hivyo, mabinti. Kitu cheusi kinaumeza, kinasukumwa mara moja. Kioo kinaurudisha, kinasukumwa mara mbili."

Vitabu vinasema msukumo huo ni mdogo mno, hata mbu akitua mkononi amekusukuma zaidi. Lakini vitabu havikuandikwa kwa ajili ya shule yetu.

Mwaka ninaousimulia, Siok-khim alifariki mwezi wa nne. Jeneza lake lilikaa nyumbani siku kumi na saba kungoja siku njema ya kuzika, na kama ilivyo desturi, kila kinachong'aa ndani ya nyumba kilifunikwa, maana si vizuri jeneza likaonekana mara mbili. Kioo cha kabati kilifunikwa shuka. Kioo cha kunyolea kilifunikwa gazeti. Hata televisheni ilivishwa mfuko wa mto. Mwalimu Hung aliota ndevu za siku kumi na saba na hakuwa na mahali pa kuziona.

Darasa lake la mwaka wa mwisho lilikwenda kumpa pole. Tsai Yueh-o, aliyekuwa na miaka kumi na minane na hakuwa anazungumza sana, alipewa kigoda kando ya meza. Juu ya meza kulikuwa na karatasi za mtihani wa mwisho ambao mwalimu alikuwa akiutunga, kwa sababu mtihani haukupewa ruhusa ya kufiwa. Yueh-o aligeuza uso asizione. Akawa anatazama kuta, na kila alipotazama palikuwa na kitu kilichofunikwa.

Kwenye mtihani huo swali la kumi na moja liliuliza: mwanga wa jua ukipiga kioo safi uso kwa uso, kioo kinasukumwa kwa nguvu kiasi gani? Mwalimu Hung, ambaye hakuwa ameona kioo kwa wiki mbili, aliandika kwenye karatasi ya majibu sanifu nguvu ya kitu kinachomeza mwanga. Mara moja. Akakunja karatasi, akaipeleka ofisini, ikagongwa mhuri. Kwetu jibu sanifu likishagongwa mhuri huwa si jibu la mtu tena. Alisahihisha karatasi mia mbili kwa kuifuata ile yake moja, na hakuinua macho.

Mtihani huo ulikuwa unaamua jambo moja kubwa. Kila mwaka shule iliruhusiwa kumpeleka msichana mmoja kwenye chuo cha ualimu Taipei, moja kwa moja, bila mtihani wa taifa na bila ada. Mmoja tu. Yueh-o alikuwa akiishi na bibi yake, Ama Tsai, aliyekuwa akimenya machipukizi ya mianzi kwenye kiwanda cha makopo mpaka kucha zimekuwa rangi ya chai. Ama alikuwa ameshamwambia mapema.

"Ukipata, nenda, na usigeuke nyuma kunitazama, nitakuwa nalia na sura yangu si nzuri nikilia. Usipopata, binamu yako amekushikia nafasi Kaohsiung, kuunganisha redio. Vyovyote itakavyokuwa, sitaki kununa humu ndani."

"Sijawahi kununa, Ama."

"Ulinuna mwaka ule wa bata."

Matokeo yalibandikwa kwenye karatasi nyekundu siku ya Jumatano. Kang Su-mei alikuwa wa kwanza. Tsai Yueh-o alikuwa wa pili, nyuma yake kwa alama moja. Swali la kumi na moja lilikuwa la alama mbili. Su-mei alikuwa amesahau kuzidisha mara mbili, kama wasichana wengi, akapata. Yueh-o alizidisha, akakosa.

Alhamisi kioo cha langoni kilirudi nyuma.

Ni kile kioo kirefu cha fremu ya mbao, chenye miguu, kilichotolewa zawadi na wahitimu wa zamani ili kila anayeingia ajitazame kola na vifungo. Kilisimama ukumbini kikielekea lango, na lango linaelekea mashariki. Pembeni yake, kwenye miguu iliyochongwa na fundi yule yule, kulikuwa na ubao mweusi wa matangazo, kimo kile kile na uzito ule ule. Saa moja asubuhi, bendera ilipokuwa ikipanda, jua liliingia langoni likavipiga vyote viwili. Ubao ulirudi nyuma shubiri moja. Kioo kilirudi nyuma shubiri mbili. Miguu ilitoa mlio kama wa mtu anayesogeza kiti taratibu ili asisumbue wenzake.

Msichana wa zamu alivirudisha mahali pake akaendelea na kufagia. Ijumaa vilirudi nyuma tena, kioo shubiri mbili, ubao shubiri moja. Jumamosi kulikuwa na mawingu, vikapumzika. Afande wa shule, mama mkakamavu aliyefundisha wasichana kupiga kwata, alifungua daftari jipya na kuandika umbali kila asubuhi, chini ya safu ya waliochelewa na waliovaa soksi zisizo rasmi.

Wasichana walilichukua kama walivyochukua mvua. Wenye mizaha walipata mizaha.

"We, usikisogelee! Unaona? Kimekuona kikarudi nyuma."

"Mimi angalau kinarudi. Wewe kikikuona kitatoka nje kikapande basi."

Kwenye dirisha la chumba cha mvuke mikebe nayo ilianza kusafiri. Mikebe mipya ya chuma iliyong'aa ilifika ukingoni kabla ya mingine, nikawa naidaka kwa aproni. Mkebe wa Yueh-o, ambao Ama alikuwa ameuunguza mgongo kwa miaka mingi mpaka ukawa mweusi kama sufuria ya kijijini, ulikwenda nusu ya mwendo wa wenzake. Sikuwahi kuudaka. Ulikuwa unanisubiri.

Mkuu wa shule, Bwana Ong, alikuwa na kipara ambacho mkewe alikipaka mafuta ya nazi. Alizoea kuhutubia gwaride akiwa ameelekea jua, kwa kuwa aliamini kiongozi hafumbi macho. Jumatatu alianza hotuba akiwa mbele ya jukwaa na kuimaliza akiwa ameegemea mlingoti wa bendera. Jumanne alivaa kofia. Hotuba zikawa fupi zaidi.

Mwalimu Hung hakuyaona haya kwa siku kadhaa, kwa sababu aliingia shuleni kwa mlango wa nyuma, ulio karibu na kwake. Jumatano, wiki moja baada ya karatasi nyekundu, alipita langoni kufuata barua. Jua lilikuwa linaingia. Alisimama akatazama ubao ukisogea shubiri moja na kioo kikisogea shubiri mbili. Hakushangaa, kwa sababu alikuwa amelifundisha jambo lile miaka kumi na tisa. Alitazama tu kama mtu anayeitwa jina lake na sauti anayoijua.

Kisha akajiona kwenye kioo. Ndevu zilikuwa bado zipo.

Akageuka, akaenda ofisini, akaifungua bahasha ya karatasi za mtihani na kuitafuta ya Tsai Yueh-o. Swali la kumi na moja. Mara mbili, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, na juu yake alama nyekundu ya kosa aliyoichora mwenyewe.

Nilikuwepo wakati alipoingia kwa mkuu wa shule, kwa kuwa nilikuwa nimepeleka mkebe wa mkuu, na mkuu alikuwa hapendi niondoke kabla hajaonja kama umepata moto katikati.

"Mkuu, swali la kumi na moja limekosewa."

"Limekosewa na nani?"

"Na mimi. Kioo kinasukumwa mara mbili, mimi nikaandika mara moja. Binti Tsai alipatia. Yeye ndiye wa kwanza."

Bwana Ong aliweka vijiti vyake juu ya wali. "Hung, ndugu yangu, barua imeshaenda Taipei. Ina mhuri."

"Mhuri haujui fizikia."

"Na fizikia haina mhuri." Akahema. "Kioo nimekiona. Sibishani na kioo. Lakini mama yake Kang ameshatoa nguruwe hekaluni kushukuru. Nguruwe mzima, Hung, na chungwa mdomoni. Utamrudishaje nguruwe?"

Mwalimu Hung aliisogeza karatasi ya Tsai mbele ya mkuu.

"Halafu ngoja nikwambie na hili. Nikiandika barua ya pili, lazima nitaje nani alitunga mtihani. Watakuondoa darasa la mwisho. Watakuweka maktaba, uwe unapanga vitabu na kufuta vumbi."

"Waniweke."

"Na jioni ukitoka maktaba unakwenda kwa nani?"

Hapo Mwalimu Hung alitazama kofia ya mkuu iliyokuwa mezani. Mlangoni alikuwa amesimama Yueh-o na kapu la mikebe ya darasa lake, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Mlango wa mkuu haufungiki vizuri tangu mafuriko. Alikuwa amesikia yote, tangu kwenye nguruwe.

Bwana Ong alimwona. Alikuwa mtu mwema wa aina ile inayopenda wema usiwe na kazi nyingi.

"Tsai, njoo hapa, binti yangu. Weka kapu chini. Swali la kumi na moja uliandika mara mbili. Ulijua, au ulibahatisha?"

Yueh-o aliweka kapu chini polepole. Alimtazama Mwalimu Hung: ndevu zake, kipande cha gunia la maombolezo kilichobanwa kwenye mkono wa shati lake, viatu vyake ambavyo kimoja kilikuwa na kamba ya kiatu kingine.

"Nilibahatisha, Mkuu."

"Ulibahatishaje?"

"Mtu akienda kwa watu na zawadi hapeleki moja, anapeleka mbili. Nikaona mara mbili inapendeza zaidi."

Bwana Ong alimgeukia Mwalimu Hung na kufungua mikono. "Umesikia? Amebahatisha. Siwezi kumwandikia waziri kwamba binti alikuwa na bahati." Akachukua vijiti vyake. Wali ulikuwa umepata moto katikati, akanipa ishara niende.

Mwalimu Hung aliichukua karatasi ya Tsai mezani, akaikunja. Kisha aliinama, akatoka.

Mambo yakabaki yalivyokuwa. Su-mei alipimwa sare ya chuo kwa fundi wa barabara ya kituo cha treni. Hakuwa msichana mbaya. Alimfuata Yueh-o kwenye mabomba ya kunawia akamwambia, "Mimi nilisahau kuzidisha, unajua."

"Najua. Kila mtu alisahau."

"Nikija likizo nitakuletea vitabu vyote. Vyote kabisa."

"Usivibebe vyote, utaumia mgongo. Niletee vya fizikia."

Binamu aliandika kutoka Kaohsiung kwamba kitanda kipo, cha juu, karibu na feni, na kazi inaanza mwezi wa saba tarehe moja. Ama Tsai alisomewa barua hiyo akasema feni ni jambo zuri. Kisha akaenda uani, akakaa na ndoo ya machipukizi aliyokuwa amekwisha kuyamenya, akayamenya tena.

Kioo hakikuacha. Mwezi wa tano ulipokaribia kwisha mstari mweupe ulikuwa umechimbika kwenye sakafu ya ukumbi, na wakaguzi walikuwa wanatarajiwa. Walijaribu matofali nyuma ya miguu. Kioo kiliyasukuma matofali. Afande alipendekeza kisimamiwe na msichana mmoja kila asubuhi, lakini wasichana walirudi darasani na alama za fremu mabegani. Bwana Ong alimwita Mwalimu Hung na kumwomba ushauri wa kitaalamu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye.

"Tukikigeuza upande kitasogea kidogo," alisema Mwalimu Hung.

"Kigeuze."

"Nahitaji mtu wa kunishikia."

"Chukua yeyote."

Akamchukua Tsai Yueh-o. Ilikuwa Jumamosi mchana, saa ya usafi, ukumbi umemwagiwa maji na wasichana wamekunja sketi mpaka magotini wakisugua ngazi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya pili nakausha vifuniko, kwa hiyo niliyasikia yote, na boila ilikuwa imezimwa.

Mwalimu Hung alikuwa amenyoa. Alikuwa amejikata mara tatu, mahali ambapo mtu hujikata akiwa hajazoea kujitazama. Alileta kile kipimapembe kikubwa cha mbao cha ubaoni, akakilaza sakafuni. Yueh-o alishika fremu upande mmoja na yeye akashika upande wa pili, wakakizungusha kioo polepole, kikaacha kutazama lango, kikatazama lango kwa jicho la pembeni, mpaka digrii sitini. Kutoka hapo mtu akitaka kuona kola yake inabidi asimame karibu na pipa la taka na kuvuta shingo.

"Basi, hapo hapo," alisema Mwalimu Hung. "Usikiachie kwanza. Unaona? Digrii sitini. Kesho kutwa jua likiingia kitasogea nusu ya zamani. Shubiri moja tu."

"Nusu shubiri," alisema Yueh-o. Alikuwa ameinama anatazama miguu ya kioo kama imekaa sawa.

"Nusu shubiri? Nusu ya shubiri mbili ni shubiri moja."

"Lakini si nusu, Mwalimu, ni robo."

"Aa. Robo inatoka wapi? Digrii sitini inakata nusu, hata watoto wa mwaka wa kwanza wanajua."

"Inakata nusu mara mbili." Yueh-o alikuwa bado ameinama, anapangusa maji kwenye mguu wa fremu kwa kidole. "Kikikaa upande hivi, mwanga kinaoukinga ni nusu tu, nusu nyingine inapita pembeni. Halafu hiyo nusu kinayoikinga haikigongi uso kwa uso, inakigonga kwa ubavu, kwa hiyo na nguvu yake ya kusukuma inaingia nusu tu. Ukichukua nusu ya nus—"

Kidole kikasimama juu ya mguu wa fremu.

Kwenye ngazi mtu aliangusha brashi, ikashuka daraja moja moja mpaka chini.

"Endelea," alisema Mwalimu Hung.

"Nimebahatisha tu, Mwalimu."

Mwalimu Hung alikuwa amekishika kioo upande wake na hakuonyesha haraka ya kukiachia. Yueh-o hakuinua kichwa. Lakini nywele za wasichana wetu, kwa amri ya wizara, hukatwa juu ya ndewe za masikio, na masikio yake yalikuwa yamewiva mekundu yote mawili, hayana pa kujificha.